Mlima Kati Yangu na Mashine ya Kufulia

Jumatatu, 6 Novemba

Daktari wa goti ameniagiza niandike kila siku jinsi linavyouma, mpaka nitakapowekewa la chuma baada ya Pasaka. Haya, naandika. Leo liliuma. Liliuma palepale linapoumia kila Jumatatu, yaani chini ya mlima.

Daktari akisoma hapo atadhani nimechanganyikiwa, kwa hiyo nieleze. Mlima uko ndani ya nyumba yetu, kwenye chumba cha chini. Aliujenga marehemu baba mkwe wangu, Emil Hruska, fundi wa karakana ya reli hapa mjini, mwaka 1956, kwa mbao, waya wa kuku na plasta. Unatoka ukuta huu mpaka ukuta ule. Nyuma yake kuna bonde lenye mji, stesheni, madaraja na treni ndogo ambazo behewa moja unalificha kiganjani. Kuingia bondeni ni kwa njia moja tu: unapiga magoti, unatambaa chini ya mlima, unaibukia upande wa pili ukiwa na utando wa buibui kichwani. Huko bondeni, karibu na bomba la maji machafu, ndiko iliko mashine yangu ya kufulia. Jikoni haiingii. Jikoni kuna friza la mama mkwe lililojaa kabichi zilizoviringishwa na nyama, na friza hilo halihami.

Nimetambaa chini ya mlima huu na kapu la nguo tangu nilipoolewa, miaka thelathini na moja.

Leo nimempa Regis, mume wangu, neno la mwisho. Kabla ya Pasaka njia ikatwe kwenye mlima, la sivyo nikitoka hospitali nahamia kwa dada yangu mjini Erie, na nguo zake atajua mwenyewe.

"Marlene," akasema, "huo si mlima wa kukata hivihivi. Huo uliandikwa kwenye jarida la treni ndogo, watu wanauiga kila mahali."

Jumanne, 7 Novemba

Usiku wa treni. Kila Jumanne baada ya chakula wanakuja wanaume watano, wote wamestaafu, wote wamevaa kofia za madereva wa treni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuendesha treni yenyewe. Wanaendesha hizi ndogo kwa ratiba. Wana saa yao ukutani inayokwenda mbio, dakika zetu kumi kwao ni saa nzima, na kuna sheria kwamba bondeni haizungumzwi habari nyingine isipokuwa ya reli. Mkubwa wao ni Harlan Stouffer, daktari wa meno mstaafu. Yeye ndiye mwongoza safari, na bila idhini yake hakisogei kitu.

Hata mimi. Nimo kwenye ratiba. Jina langu ni Treni ya Nguo.

Mama mkwe alikuwa amemwaga supu kitandani, shuka hazikuweza kusubiri. Nikasimama mdomoni mwa mlima nikapaza sauti, "Treni ya Nguo inaomba njia!"

"Treni ya Nguo, subiri," akajibu Harlan kutoka bondeni. "Makaa ya mawe yanapita."

"Harlan, hizi shuka zinanuka kitunguu."

"Shemeji, makaa yamechelewa saa mbili."

Nikasubiri na kapu langu mpaka makaa ya mawe, ambayo ni mbegu nyeusi zilizogandishwa kwa gundi, yakapita.

Jumatano, 15 Novemba

Mume na mke wamekuja kutoka Nebraska, mwendo wa siku mbili kwa gari, kuuona mlima. Mume alipoibukia bondeni alilia. Mke wake na mimi tulikunywa kahawa jikoni. Akaniambia hata kwake kuna mlima mlangoni, mume wake aliujenga kwa kufuatisha picha. Nikamwuliza mashine yake ya kufulia iko wapi. Tukaangaliana, tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Mama mkwe alikaa na sisi akakunja vitambaa vya meza. Hakucheka. Anaitwa Verna, ana miaka themanini na sita, na sijawahi kujua kama ananipenda. Tangu nije hapa hajashuka hata mara moja kunisaidia nguo. Ngazi anaziweza vizuri, anashuka kuchukua viazi, na viazi viko upande huu wa mlima.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga alikauka. Nikalileta tena suala la mlima, mbele ya kila mtu, ili Regis asipate pa kukimbilia.

"Baba alikufa akiniachia kitu kimoja tu," akasema Regis. "Unataka nikumbukwe kama mtu aliyekikata?"

"Nataka ukumbukwe kama mtu mwenye mke."

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, mwambie basi."

"Mlima si wangu," akasema, akaomba mchuzi.

Jumatatu, 27 Novemba

Siku ya kwanza ya kuwinda paa. Mji mzima uko porini, shule zimefungwa, Regis kaondoka kabla ya kifungua kinywa akiwa amevaa rangi ya chungwa. Nikafua kwa raha zangu bila kuomba idhini ya mtu. Mashine ilipokuwa inazunguka nikakaa kwenye stuli ya Harlan, nikautazama huo mji wa Emil kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Nikiri kwamba una uzuri wake. Kinyozi ana taulo. Kuna mbwa anayekojolea kanisa. Na pale stesheni, peke yake jukwaani, amesimama mwanamke mnene mwenye koti la kahawia, kofia ya unyoya wa kijani na sanduku, hazidi kipande cha kidole gumba. Huyu naye ni maarufu. Wanaume wa treni wanamwita Bibi wa Sanduku, na kila aliyefuata mfano wa Emil anaye wa kwake, Nebraska, Osaka, kila mahali. Harlan anasema ni mfano wa taifa linalohama. Kila jioni treni ya abiria inasimama mbele yake, kisha inaondoka bila yeye.

Nilimwonea huruma. Angalau mimi hupata njia makaa yakishapita.

Jumamosi, 9 Desemba

Theluji. Goti.

Jumanne, 12 Desemba

Theluji tena. Regis alisafisha nafasi ya gari mbele ya nyumba akaweka kiti cha jikoni kuonyesha kwamba nafasi ina mwenyewe, kama kila mtu wa mtaa huu. Mgeni mmoja wa treni kutoka Arizona, asiyejua kitu, akakisogeza kiti cha jirani akaegesha gari lake. Jirani zetu wamemnunia Regis kana kwamba kaua mtu. Mgeni mwenyewe alitambaa chini ya mlima na kutoka akiwa amepauka, akasema amehisi kitu kifuani. Nikamwambia ni vumbi la sabuni.

Jumanne, 19 Desemba

Leo Harlan kanisomea makala yake. Sikuomba, nilikuwa nimekwama na kapu nikisubiri treni ya posta ya saa tisa. Makala inaitwa "Mlango wa Unyenyekevu". Anasema Emil Hruska aliweka mlima mlangoni kwa makusudi, ili kila anayeingia, tajiri au maskini, apige magoti kwanza na kuacha ukubwa wake nje. Anasema fikra hiyo imebadilisha vyumba vya chini vya nchi nzima.

"Na migongo ya nchi nzima," nikasema.

"Mimi mwenyewe, shemeji, nimepasuliwa mgongo mara mbili," akasema kwa fahari. "Wa kwangu nyumbani ni mfupi kuliko huu kwa inchi nne. Sijauinua."

Nikamtazama mtu huyu aliyeng'oa meno ya nusu ya mji, nikalihamishia kapu upande wa pili wa kiuno.

Jumamosi, 6 Januari

Mkesha wa Krismasi ya mama mkwe, anayeshika kalenda ya zamani ya kanisa lake. Supu ya uyoga, mikate midogo yenye asali na mbegu za mpopi, majani makavu chini ya kitambaa cha meza. Aliweka sahani moja ya ziada kama desturi. Nikamwuliza ni ya nani mwaka huu.

"Ya mama yangu," akasema. "Paraska. Alikuwa anapenda uyoga. Aliishi nasi miaka kumi na sita, tangu Regis azaliwe mpaka alipokufa."

"Nasikia alikuwa mkali."

"Alikuwa mnene," akasema mama mkwe, "na alikuwa na macho." Kisha akafunga mdomo, na mimi namjua, huo mdomo ukifungwa hufunguliwa na kijiko tu.

Jumanne, 16 Januari

Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Goti linauma hata nikilifikiria. Treni ya Nguo ilichelewa kwa sababu daraja la kaskazini lina "barafu". Barafu hiyo ni ya kubuni! Walikubaliana wenyewe kwamba kuna barafu, wakaniweka nje na barafu yao.

Jumanne, 30 Januari

Yaleyale.

Jumanne, 6 Februari

Yaleyale, na Delbert amevunja stuli. Delbert Kunkle ndiye mkubwa kwao kwa mwili, mwuza matrekta zamani, mpole, huvaa ovaroli ya milia. Kutambaa chini ya mlima humchukua muda ambao kwa saa yao ni alasiri nzima.

Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu, nimenuia kuacha chokoleti na kumsimanga Regis. Chokoleti nimeiweza.

Nimepanga sanduku langu la kwenda Erie. Nililiweka kitandani wazi, alione. Alilifunga akaliweka chini ya kitanda kwa adabu kabisa.

Jumatano, 21 Februari

Siku ya jana sina budi kuiandika yote.

Theluji iliyeyuka kwa siku mbili, joto kama la Mei, halafu mvua ikanyesha juu yake. Nyumba zote za mtaa huu hunywa maji zikipata hali hiyo. Jana jioni wanaume walikuja kama kawaida, Harlan akawasha saa yao, na nusu saa baadaye maji yakaanza kuchomoza kwenye sakafu upande wa bondeni. Si mengi, ya kulowesha soksi tu. Lakini waya za umeme za reli ziko chini ya meza, kwa hiyo Regis akazima kila kitu akasema wote watoke.

Walitoka mmoja mmoja wakitambaa. Harlan alikuwa wa tatu. Wa mwisho alikuwa Delbert, na Delbert akakwama katikati.

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi na ndoo. Nikaona kichwa na mabega upande huu, mlima juu yake, na maji yakimzunguka tumboni polepole.

"Delbert, toa pumzi," akasema Regis.

"Nimeshatoa."

"Toa zaidi."

"Regis, zaidi ya hapo ni mauti."

Wakamshika mikono wakavuta. Mlima ukalia kwa ndani, plasta ikamdondokea kichwani. Harlan akapiga ukelele. "Msivute! Mnapasua uso wa kusini!"

"Na mimi je?" akauliza Delbert kutoka sakafuni. "Maji yamefika kwenye kitovu. Ni ya baridi."

"Regis," nikasema, "lete msumeno."

Regis akanitazama mimi, akamtazama Delbert, akautazama mlima wa baba yake. Nikaona uso wa mume wangu ukiwa mweupe, na kwa mara ya kwanza sikumwona mkaidi, nilimwona mtoto anayeogopa kuadhibiwa na mtu aliyekwisha kufa.

Harlan akajiweka kati ya Regis na rafu ya zana, mikono kaitanua. "Hakatwi mtu hapa. Yaani haukatwi! Watu wanatoka Japani kuja kuinama hapa. Emil aliweka mlango huu kwa maana yake. Tukiukata leo kwa sababu ya maji kidogo, kesho tutasema nini?"

"Tutasema Delbert yuko hai," nikasema.

Hapo ndipo nikasikia fimbo kwenye ngazi nyuma yangu. Mama mkwe anashuka, na koti la kulalia, viatu vya mpira miguuni. Alisimama ngazi ya mwisho, juu ya maji, akatazama kiwiliwili cha Delbert.

"Marlene, chukua mkasi. Amenasa kwa nguo, si kwa mwili. Mikanda ya mabegani imeshika kitu kwa nyuma."

Nilipiga magoti kwenye maji, goti likapiga kelele na mimi pia, nikaingiza mkono nikakata. Mkanda wa kushoto, mkanda wa kulia. Wakavuta. Delbert akatoka kama mtoto anavyozaliwa, ovaroli ikabaki chini ya mlima, akasimama mbele yetu na chupi ndefu nyekundu zinazovuja maji.

"Samahani, Bibi Verna," akasema, akajifunika kwa kofia ya dereva.

"Nimezaa na nimeuguza," akasema mama mkwe. "Kaa chini." Kisha akamgeukia Harlan. "Umesema Emil aliweka mlango huo kwa maana gani?"

Makala yake Harlan anaijua kwa moyo. "Unyenyekevu, Bibi. Kila aingiaye ainame kwanza."

"Unyenyekevu." Mama mkwe akalitafuna hilo neno. "Emil aliuweka mlima hapo ili mama yangu asiweze kupita."

Harlan akashusha mikono.

"Mama alikuwa mnene kuliko huyu Delbert. Na alivaa vazi la kubana tumbo, lile lenye vyuma ndani, hawezi kuinama hata kufunga kiatu. Tangu ahamie kwetu alimfuata Emil kila chumba. Emil anavuta sigara, mama yuko nyuma yake. Emil anamimina glasi, mama anakohoa. Akashuka huku kucheza na treni zake, mama akashuka na kiti. Wiki moja nikasikia nyundo. Jumapili mlima ukawa umekamilika, na Emil yuko upande wa pili anaimba."

"Bibi," akasema Harlan kwa sauti ndogo sana, "miaka yote hii. Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mlikuja mkamwuliza Emil habari za mlima. Mimi mliniuliza habari za kahawa."

Regis alikuwa amekaa kwenye gunia la viazi. "Na wewe, Mama? Wewe hukuwa mnene. Mbona hukuingia?"

"Mama yangu alisimama hapa," akasema, akagonga fimbo, "akaniambia yeye anamwinamia Mungu peke yake, hamwinamii mkwe. Akapanda juu analia. Nikasema basi, kama mama hapiti, na mimi sipiti. Emil alinibembeleza mpaka alipokufa niingie nione alichojenga. Sikuingia." Akautazama mdomo wa mlima. "Nilitamani sana. Lakini nilishasema."

Akageuka akapanda ngazi. Ndiye huyo niliyemwona hana upendo kwa miaka thelathini na moja. Nikamfuata nikamkausha miguu, tukanywa chai, na niliona aibu kwa yote niliyowahi kumwazia juu ya nguo zangu.

Alhamisi, 22 Februari

Maji yamekauka. Goti limevimba kama boga. Regis haongei.

Jumanne, 27 Februari

Harlan hakuja. Haijawahi kutokea. Waliobaki walikaa jikoni na kahawa, hawakushuka, hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Delbert alisema amepita kwa Harlan akamkuta amekaa mbele ya mlima wake mwenyewe, kaushikilia mgongo, anarudia, "Mara mbili. Nimepasuliwa mara mbili. Kwa ajili ya mama mkwe wa mtu mwingine."

Sikucheka mbele yao. Nilikwenda kucheka bafuni.

Jumamosi, 3 Machi

Harlan aligonga mlango asubuhi, uso umekonda, mkononi ana kisanduku cha bawaba za shaba.

"Zimetengenezwa kwa malango," akasema. "Kipande cha katikati kitafunguka kama lango, na reli zitakutana likifungwa. Nimepima. Nimekaa siku tisa napima."

"Na unyenyekevu?" nikamwuliza. Kwaresima au siyo, nisingeweza kuiacha hiyo ipite.

"Shemeji," akasema, "nihurumie."

Regis akashuka. Tukamfuata wote, mama mkwe kwenye ngazi ya mwisho. Regis akashika msumeno wa baba yake, akauweka kwenye plasta, akautoa, akauweka tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila kujificha.

"Alikuwa na hasira siku anaujenga," mama yake akamwambia. "Hasira zake zimekwisha zamani. Kata, mwanangu."

Akakata.

Ndani ya mlima mlikuwa na magazeti ya 1956, kiota cha panya na chupa moja ya pombe ya plamu, imebaki vidole viwili. Basi si sigara tu alizokuwa anazificha. Tukaipitisha mkono kwa mkono kama kitu cha kanisani. Harlan akauliza kama haitakuwa sahihi zaidi kuirudisha ilipokuwa.

Mama mkwe aliichukua, akang'oa kizibo, akainywa yote palepale.

"Kwaresima, Mama!" Regis akasema.

"Hii ni ya kabla ya Kwaresima," akasema.

Jumamosi, 10 Machi

Walikuja watu wa treni kutoka kila upande, maana Harlan aliwapigia simu. Wengine walikuja kuomboleza. Walisimama chumba cha chini kofia mkononi, wakilitazama lango la mlima lililofungwa, wakinong'ona. Yule wa Nebraska alikuja na mke wake, na mke wake alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Harlan akafungua lango. Halikulia hata kidogo. Kisha akaenda kwenye saa ya mbio, akaisimamisha, akatangaza kwa sauti ya kazi: "Njia iko wazi kwa Bibi Verna Hruska. Treni nyingine zote zisubiri."

Mama mkwe alikuwa amevaa gauni la kanisani. Akamshika Regis mkono, akapita mlimani wima, kichwa juu, kama alivyotaka mama yake. Miaka sitini na kitu.

Alikwenda polepole sana. Alimwona kinyozi. Alimwona mbwa na kanisa, akasema, "Huyo ni mbwa wa padri, alikuwa hivyohivyo." Akafika stesheni, akainamisha uso, na hapo akasimama.

"Hiyo kofia," akasema.

Harlan akajikohoza. "Huyo ni Bibi wa Sanduku, anayewakilisha taifa…"

"Huyu ni mama."

Akaonyesha kimoja kimoja kwa kidole.

"Koti lake. Kofia yake ya unyoya, aliyokuja nayo. Sanduku lake." Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ikabidi ashike mnara wa maji. "Emil, mshenzi wewe! Amemweka hapa aondoke! Kila jioni anamletea treni, aondoke!"

Chumba kizima kikalipuka. Yule wa Nebraska alikaa sakafuni. Wanaume waliokuwa na Bibi wa Sanduku nyumbani kwao, waliomwandikia mashairi, walikuwa wanajifuta macho. Mimi sikuwa na mbavu.

Kisha kicheko cha mama mkwe kikaisha, akawa anamtazama tu. "Na hakuondoka," akasema. "Si nyumbani, wala si hapa. Maskini mama, amesimama kwenye baridi miaka yote hii." Akamwuliza Regis, "Kwetu ni ipi?"

Regis akamwonyesha nyumba ndogo juu ya kilima, kibaraza cha njano, ambayo Emil aliitengeneza kwa mfano wa hii yetu, mpaka na ufa wa dirisha la jikoni.

Mama mkwe akanyoosha mkono. Sheria ya kwanza ya bondeni ni kwamba hakuna anayegusa kitu, hata treni ikianguka ni Regis peke yake anayeiinua. Nikasikia watu wazima wakivuta pumzi kwa pamoja. Akamng'oa mama yake jukwaani kwa vidole viwili, gundi ikatoa mlio mdogo. Akambeba juu ya mji, juu ya daraja, juu ya kanisa, akamsimamisha kwenye kibaraza cha njano, na sanduku lake, mlango mbele yake.

"Haya," akasema. "Amefika."

Akaomba kiti. Harlan ndiye aliyemletea, na baadaye nikamwona amejibanza nyuma ya mashine ya kufulia akipenga kamasi.

Jumatano, 14 Machi

Simu haipoi. Nebraska amemhamisha wa kwake. Ohio anauliza wa kwake aangalie mlango au aangalie barabara. Mtu wa Osaka, kwa adabu nyingi, anauliza kama mlima wake aukate na yeye. Regis amemjibu akate. Amelitamka hilo neno bila kutetemeka.

Sanduku langu nimelifungua. Erie kungekuwa na baridi.

Jumapili, 1 Aprili

Pasaka. Siagi iliyochongwa umbo la mwanakondoo ilipoteza kichwa kabla ya kufika kanisani. Goti linauma, lakini linauma kwa kwenda kanisani, ambayo ni sababu nzuri zaidi.

Alhamisi, 12 Aprili

Nina goti jipya. Nimelazwa. Harlan kaja na maua na ratiba mpya. Nimefutwa kwenye Treni za Mizigo, nimepandishwa kuwa Treni ya Haraka. Naambiwa ina haki ya kupita mbele ya makaa.

Jumatatu, 7 Mei

Daktari amesema naweza kufua, mradi nisiiname. Nikamwambia hakuna tena haja ya kuinama.

Nikashuka ngazi moja moja. Bondeni mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, anashuka kila asubuhi siku hizi kutazama mji wa mume wake. Lango liko wazi, Harlan ameamuru libaki wazi kila Jumatatu. Juu yangu hapakuwa na kitu, hewa tupu mpaka dari. Nikachukua kapu, nikafika pale ulipokuwa mlima, na mgongo wangu, bila kuniuliza, ukainama.

Nikabaki hapo katikati nimejikunja chini ya kitu ambacho hakipo, nimekumbatia soksi za Regis, sijui kama nicheke au nimlaani Emil.

"Simama wima, mwanangu," akasema mama mkwe kutoka kitini, akanionyesha kibaraza cha njano kwa fimbo yake. "Mama anakutazama."